Ngawira kwa Hati: Jinsi Marobota ya Nguo Yalivyotekwa Baharini kwa Ruhusa ya Serikali

Tarehe 29 Januari 1796, karibu na mlango wa mto Hooghly katika Ghuba ya Bengali, nahodha Mfaransa mwenye umri wa miaka 22 aliisogelea merikebu ya Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki iliyoitwa Triton. Robert Surcouf, mzaliwa wa bandari ya Saint-Malo, alikuwa na watu wapatao 20 tu ndani ya chombo kidogo cha marubani alichokuwa amekiteka siku chache kabla, na Waingereza walimwacha aje kwa sababu walidhani ni rubani wao anayekuja kuwaongoza kuingia mtoni. Triton ilikuwa na mizinga 26 na watu wapatao 150. Kabla hawajatambua kilichowafika, Wafaransa walikwisha kupanda juu, na merikebu ikawa yao. Surcouf alirudi kisiwani Morisi, wakati huo kikiitwa Île de France, akapokewa kwa shangwe. Kisha mahakama ikamweleza jambo ambalo hakulitarajia: merikebu alizoziteka zilitekwa kihalali, ila hazikuwa zake. Zote zilikuwa mali ya Jamhuri ya Ufaransa.

Sababu ilikuwa karatasi moja. Gavana Malartic wa kisiwa hicho alikuwa amekataa kumpa hati ya kuteka merikebu za adui, na ruhusa aliyompa ilikuwa ya kwenda Shelisheli kuleta kasa kwa ajili ya chakula cha kisiwa. Surcouf aliondoka na ruhusa ya kasa akarudi na merikebu za Waingereza, baadhi yake zikiwa zimesheheni mchele ambao kisiwa kiliuhitaji mno. Ushujaa wake haukubishaniwa na mtu, wala hakuna aliyesema kuwa Triton haikuwa mali ya adui. Hata hivyo, mtu asiye na hati, kwa sheria, hana fungu katika ngawira. Ilimbidi aende mpaka Paris kudai haki yake, na mwaka 1797 serikali ikakubali kumlipa yeye na wenye merikebu waliomtuma.

Nimeanza na kisa hiki kwa kuwa kinaonyesha mahali ambapo wasomaji wengi hukwama. Tunapomsikia mtu anayevamia merikebu za biashara, tunafikiria upanga na mizinga, navyo vilikuwapo kweli. Lakini robota la nguo lililotolewa ndani ya merikebu ya adui halikuwa na bei mpaka hakimu aseme ni la nani, na sehemu kubwa ya vita hivi ilipiganwa kwa karatasi: hati ya mtekaji, hati za shehena, hati za uongo, hati zilizotupwa baharini, na hukumu.

Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa mtu huyu. Haramia halimfai, kwa sababu neno lenyewe lina haramu ndani yake, na yeye alikuwa na karatasi ya serikali inayosema kazi yake ni halali. Askari wa manowari halimfai pia, kwa kuwa serikali haikumlipa mshahara wala haikumpa merikebu. Alikuwa mfanyabiashara wa vita. Matajiri wa bandari walichanga fedha, wakanunua chombo chepesi chenye mbio, wakakiwekea mizinga, wakaajiri mabaharia wengi kuliko chombo cha mizigo kinavyohitaji, kisha wakaenda serikalini kuomba hati. Katika makala hii nitamwita mtekaji mwenye hati, au mtekaji kwa kifupi.

Hati hiyo haikutolewa bure. Uingereza ilimtaka mwombaji aweke dhamana ya pauni 1,500 ikiwa mabaharia wake hawakufikia 150, na pauni 3,000 ikiwa walizidi hapo. Marekani, ilipoingia vitani na Uingereza mwaka 1812, ilifuata hesabu ya namna hiyo hiyo, dola 5,000 na dola 10,000. Dhamana ilikuwa ya kumlipa yeyote atakayedhulumiwa, kwa mfano mfanyabiashara wa nchi isiyo na upande katika vita ambaye mali yake imechukuliwa kimakosa. Hati ilitaja adui ni nani, jina la nahodha, na chombo chake. Vita vikiisha, nayo ilikwisha nguvu, na aliyeendelea kuteka baada ya hapo alikuwa haramia kama haramia wengine, anayestahili kamba.

Sasa, kwa nini nguo? Mtekaji alichukua chochote alichokikuta, na katika Bahari ya Hindi mara nyingi alikikuta chakula, kama ule mchele. Lakini kati ya Bengali, pwani ya Koromandeli, Gujarati na Ulaya, nguo ndiyo iliyokuwa shehena yenye thamani kubwa na iliyopatikana kila msimu. Kulikuwa na melimeli za Dhaka, yaani pamba nyepesi sana, hariri za Kasimbazar, bafta za Bharuch na Surat, yaani vitambaa vya pamba, na zile nguo za buluu iliyokolea kutoka Pondicherry ambazo Wafaransa walizipeleka mpaka Senegal. Dhahabu ilikuwa adimu, na mchele ulikuwa mzito kwa bei ndogo. Nguo ilibeba thamani kubwa ndani ya nafasi ndogo, haikuoza upesi ikihifadhiwa vizuri, na ilipata mnunuzi katika kila bandari ya dunia.

Tuliangalie robota lenyewe, maana mabishano ya mahakamani mara nyingi yalianzia hapo. Nguo zilihesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, kwa neno hilo hilo ambalo wazee wa pwani yetu walilitumia dukani na ambalo makarani wa Kiingereza huko Surat waliliandika katika vitabu vyao vya hesabu. Zikishahesabiwa, zilikunjwa, zikashindiliwa mpaka zikawa ngumu kama gogo, zikazungushiwa kitambaa kilichopakwa nta ili maji yasipenye, na juu yake gunia lililoshonwa. Juu ya gunia ilipigwa namba na alama ya mwenye mali. Alama ya Kampuni ya India Mashariki ilikuwa moyo uliogawanywa sehemu nne, kila sehemu na herufi yake, na juu ya moyo kitu kinachofanana na tarakimu 4. Mtekaji aliyefungua falka, yaani kifuniko cha chumba cha shehena, na kuuona moyo ule alijua kuwa hatakuwa na kesi ndefu, kwa kuwa mali ya Kampuni ilikuwa mali ya adui bila shaka yoyote. Kesi ndefu zilitoka kwenye marobota yenye alama zisizojulikana.

Nguo za aina hiyo hiyo zilikuwa zikishuka Kilwa, Zanzibar, Mombasa na Msumbiji, na hapa uhusiano wetu na habari hii si wa mbali. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa bei ya piastra 20, sarafu ya fedha, kila mmoja. Mashamba ya Île de France yaliyowalisha watekaji, na bandari ya Port Louis iliyotengeneza vyombo vyao, vilijengwa kwa jasho la watu waliotolewa katika pwani hii na Madagaska. Surcouf mwenyewe, kabla ya kisa cha Triton, aliongoza merikebu ya watumwa. Saint-Malo imemwekea sanamu. Sioni ubaya wa kumbukumbu, ila anayemsoma Surcouf kama shujaa wa baharini tu amesoma nusu ya daftari lake.

Turudi kwenye fundo lenyewe. Merikebu ikikamatwa, maswali yalikuwa mawili: chombo ni cha nani, na shehena ni ya nani? Majibu yakilingana, yaani vyote viwili ni vya adui, hakuna kesi. Lakini vita huwafanya wafanyabiashara kuwa wajanja. Tajiri Mwingereza wa Calcutta aliyeogopa watekaji wa Kifaransa aliweza kupakia nguo zake katika merikebu ya Denmark, nchi ambayo kwa miaka mingi haikuwa na upande, nayo ilikuwa na vituo vyake Tranquebar na Serampore. Tajiri Mfaransa naye aliweza kutumia bendera ya Marekani. Je, mali ya adui ndani ya chombo cha rafiki inatekwa? Na mali ya rafiki ndani ya chombo cha adui?

Kulikuwa na majibu matatu, na kila dola ilichagua linaloifaa. Jibu la kale, lililotoka katika desturi za mabaharia wa Mediterania zilizoandikwa Barcelona, lilitenganisha vitu hivyo viwili: mali ya adui inatekwa hata ikiwa ndani ya merikebu ya rafiki, na mali ya rafiki inarudishwa hata ikiwa ndani ya merikebu ya adui. Uingereza ilishikilia hili, kwa kuwa mwenye manowari nyingi hufaidika na haki ya kupekua kila chombo. Jibu la pili, lililopendwa na Waholanzi waliobeba mizigo ya kila mtu, lilisema bendera hufunika shehena: chombo kikiwa huru, mzigo wake nao ni huru. La tatu lilikuwa kali kuliko yote, nalo lilikuwamo katika sheria ya bahari ya Ufaransa ya mwaka 1681. Kwa sheria hiyo mali ya adui ilikuwa kama ugonjwa wa kuambukiza: ikiwamo ndani ya merikebu ya rafiki, merikebu nayo imepotea, na mali ya rafiki ndani ya merikebu ya adui imepotea pia.

Wanasheria wa Ufaransa waliifupisha kanuni hiyo kwa msemo kuwa robe ya adui hutaifisha robe ya rafiki. Neno hilo leo ni gauni, lakini zamani lilikuwa na maana ya ngawira pamoja na vazi, kwa sababu nguo za aliyeshindwa ndizo zilizokuwa ngawira ya kwanza ya mshindi. Lugha yenyewe ilikuwa imekwisha kuunganisha nguo na utekaji kabla ya merikebu yoyote kufika India.

Ukali huo ulifikia kilele tarehe 18 Januari 1798, serikali ya Paris ilipotoa sheria kwamba hadhi ya merikebu itaamuliwa na shehena yake: chombo chochote chenye bidhaa zilizotoka Uingereza au katika makoloni yake, ziwe za nani, kitakuwa ngawira halali. Bengali ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Maana yake ni kwamba merikebu ya mtu wa Copenhagen, yenye mabaharia wa Denmark na kahawa ya watu wa Denmark, ikikutwa na robota moja la melimeli za Bengali ambalo limenunuliwa na kulipiwa kihalali, ilipotea yote na kila kilichomo. Hapo mtekaji hakuhitaji kumtafuta mwenye mali. Alitafuta kitambaa. Wamarekani, waliopoteza mamia ya merikebu kwa watekaji wa Kifaransa katika miaka hiyo, waliishia kupigana na Ufaransa baharini bila kutangaza vita. Sheria hiyo ilifutwa Desemba 1799, baada ya Bonaparte kushika madaraka, na nadhani kufutwa kwake kulitokana na hesabu kuliko huruma: wasio na upande walikuwa wameanza kukwepa bandari za Ufaransa, na nchi iliyozingirwa haiwezi kuishi bila wachuuzi.

Oman nayo ilionja mvutano huu. Mwaka 1781 mtekaji wa Kifaransa aliikamata merikebu kubwa ya mtawala wa nchi hiyo iliyoitwa Salih, ingawa Ufaransa haikuwa na ugomvi na Oman, na baada ya malalamiko ya muda mrefu Ufaransa ikatoa merikebu nyingine kuwa fidia. Mwaka 1798 Sultan bin Ahmad, mtawala wa Oman, akatia saini mapatano na Kampuni ya India Mashariki yaliyomweka upande wa Waingereza dhidi ya Wafaransa. Lakini biashara ya Muscat na Île de France haikukoma, kwa kuwa wafanyabiashara wa Muscat walikuwa na soko pande zote mbili, na bendera yao ilikuwa na thamani kwa kadiri ambavyo kila upande uliiheshimu.

Hali ikiwa hivyo, karatasi za merikebu zilikuwa na uzito sawa na mizinga yake. Chombo kilitakiwa kuwa na hati ya usajili, orodha ya mabaharia, daftari la safari, orodha ya shehena, na hati ya shehena kwa kila kundi la marobota, ikieleza ni kwa hesabu ya nani na hasara ikitokea ni ya nani. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoamua kesi. Merikebu za wasio na upande mara nyingi zilibeba karatasi za namna mbili, seti moja ya kumwonyesha Mfaransa na nyingine ya kumwonyesha Mwingereza, na nahodha mwerevu aliziweka zile za hatari ndani ya mfuko uliotiwa uzito wa madini ya risasi ili uzame upesi. Lakini kutupa karatasi baharini kulikuwa na gharama yake. Nahodha wa nchi isiyo na upande aliyeonekana akitupa mfuko majini alijipalia makaa, kwa kuwa mahakama ilichukulia kuwa mkweli hana cha kuzamisha.

Mtekaji alipokamata chombo, alitakiwa kuzikusanya karatasi zote bila kupoteza hata moja, kutia lakiri kwenye falka ili shehena isiguswe, kuweka watu wake wachache juu ya merikebu iliyotekwa, na kuipeleka bandarini. Huko maofisa waliwahoji nahodha na baadhi ya mabaharia wake, kila mmoja peke yake, kwa kutumia orodha ya maswali iliyotayarishwa kabla. Ulizaliwa wapi, na mkeo anaishi wapi? Nani alikupa merikebu hii? Shehena ni ya nani, nayo ilikuwa ikienda wapi hasa? Kuna karatasi zilizochomwa, zilizochanwa au zilizotupwa? Katika mahakama ya London, iliyoongozwa tangu 1798 na Sir William Scott, ushahidi ulitakiwa utoke kwanza ndani ya merikebu yenyewe, katika karatasi zake na vinywa vya watu wake. Aliyedai mali ndiye aliyebeba mzigo wa kuthibitisha. Mwenye marobota ambaye hakutokea, au ambaye hati zake zilipingana, aliyapoteza.

Ile kanuni ya kutogusa shehena kabla ya hukumu inaonekana kama urasimu mtupu mpaka ukumbuke kilichotokea Dartmouth mwaka 1592. Mwaka huo, Uingereza ikiwa vitani na Mfalme wa Hispania aliyekuwa pia mfalme wa Ureno, kundi la vyombo vya watekaji, vingine vya Sir Walter Raleigh na vingine vya Bwana wa Cumberland, liliiteka karibu na visiwa vya Azores merikebu ya Kireno iliyokuwa ikirudi kutoka India. Madre de Deus ilikuwa na sitaha saba, kubwa kupita chombo chochote ambacho Waingereza walikuwa wamekiona katika bandari zao. Ndani yake mlikuwa na pilipili, karafuu, vito, ambari, mazulia, mifarishi, hariri, na pamba ya India ya kila namna: nyeupe pana, nyeupe nyepesi, iliyotiwa wanga, nzito ya rangi ya udongo. Kabla haijafika nchi kavu, mabaharia walikuwa wamekwisha kujaza masanduku yao. Ilipotia nanga Dartmouth, wachuuzi walimiminika kutoka London kununua kwa mabaharia kwa bei ya kutupa. Raleigh, aliyekuwa kifungoni kwa kumuudhi Malkia Elizabeth, ilibidi atolewe gerezani ili akawatulize watu wake, na Robert Cecil, aliyetumwa na Malkia kukomesha wizi huo, aliandika kuwa waporaji aliokutana nao njiani aliwajua kwa harufu ya manukato na miski. Mzigo uliokadiriwa kuwa wa pauni 500,000 ulibaki wa pauni zipatazo 140,000. Malkia, aliyekuwa amechanga kidogo, alijichukulia fungu kubwa kuliko wote, na Raleigh alilalamika kuwa amepata hasara.

Karatasi zilizokusanywa kwa namna hii kwa karne moja na nusu zimehifadhiwa Kew, karibu na London, zikiwamo barua zipatazo 160,000 ambazo hazikuwafikia waliotumiwa. Ndani yake kumepatikana vipande vya nguo ambavyo wafanyabiashara waliwatumia wateja kama sampuli, rangi zake zikiwa bado zimekolea kwa sababu havikuona jua tangu siku merikebu ilipokamatwa. Mwaka 2024 kilifunguliwa kifurushi kutoka merikebu ya Denmark Anne-Marie, iliyokamatwa na manowari ya Kiingereza mwaka 1807 ikitoka visiwa vya Faroe na shehena iliyokuwamo soksi za sufi zilizofumwa kwa mkono. Ndani ya kifurushi mlikuwa na fulana ya sufi nyekundu yenye mapambo, na barua ya mwanamume akieleza kuwa mkewe anamtumia mchumba wa mpokeaji huko Copenhagen zawadi hiyo, akitumaini itampendeza. Fulana ilikaa miaka 217 kama kielelezo cha kesi. Mahakama haikuwa na haja nayo, ila utaratibu ulisema kila karatasi na kila kifurushi kihifadhiwe, na kikahifadhiwa.

Hukumu ikitolewa kwa mtekaji, marobota yalikwenda mnadani. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1708, Malkia Anne aliacha fungu lake ili kuwapa watu moyo, na thamani yote ikawa ya watekaji. Ufaransa, kwa kanuni za mwaka 1803, baada ya kutoa gharama na makato ya mfuko wa mabaharia wasiojiweza, theluthi mbili zilikwenda kwa wenye chombo na theluthi moja kwa nahodha na watu wake. Pale Port Louis wanunuzi wakubwa walikuwa Wamarekani. Walifika na fedha taslimu, wakanunua nguo za Bengali kwa bei ya chini, wakazipeleka kwao chini ya bendera isiyo na upande. Robota lililotekwa kwa sababu ni la Mwingereza lilisafiri salama mbele ya manowari za Kiingereza kwa sababu sasa lilikuwa la mtu wa Salem, bandari ya Marekani, nalo lilikuwa na hati ya mnada kuthibitisha hilo. Hukumu ndiyo iliyoliosha. Bila hukumu, mnunuzi yeyote angeogopa kwamba mwenye mali wa awali atamfuata mahakamani popote duniani.

Waliotekwa nao walijihami. Ada ya bima ilipanda na kushuka kufuatana na habari za watekaji. Uingereza, kwa sheria za mwaka 1798 na 1803, ililazimisha merikebu nyingi za biashara kusafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa manowari, jambo lililopunguza hasara lakini likafanya merikebu mia moja zifike sokoni siku moja na kuvunja bei ya nguo. Njia ya zamani ilikuwa kujikomboa baharini: nahodha aliyetekwa aliandika hati ya deni, akaacha mtu mmoja rehani, akaendelea na safari. Uingereza iliwapiga marufuku watu wake kufanya hivyo mwaka 1782, kwa hoja kwamba fedha ya fidia ilimwezesha mtekaji kubaki baharini akiteka wengine badala ya kupunguza mabaharia wake kwa kuwagawa kwenye merikebu anazozikamata.

Hatari kubwa kwa shehena iliyotekwa ilikuwa muda kati ya kukamatwa na kuuzwa. Tarehe 31 Mei 1809 manowari ya Kifaransa Caroline iliziteka Streatham na Europe, merikebu mbili za Kampuni zilizokuwa zikitoka Bengali na shehena ya thamani iliyokuwamo hariri nyingi, ikazipeleka Saint-Paul katika kisiwa cha Bourbon, leo La Réunion. Caroline haikuwa chombo cha watu binafsi, lakini ngawira yake ilifuata njia ile ile. Septemba mwaka huo Waingereza walishuka kisiwani, wakazichukua tena merikebu, na hariri iliyokuwa ghalani, yenye thamani iliyokadiriwa kuwa pauni zipatazo 500,000, ikateketezwa kwa moto. Jenerali Des Bruslys, kamanda wa kisiwa, alijiua. Desemba 1810 Île de France yenyewe ikasalimu amri, na katika siku moja tu watekaji wa Bahari ya Hindi wakapoteza bandari, mahakama na soko.

Mwaka 1856, baada ya vita vya Crimea, mataifa makubwa ya Ulaya yalitangaza huko Paris kuwa utekaji wa watu binafsi kwa hati umekomeshwa, na kwamba bendera isiyo na upande hufunika mali ya adui isipokuwa zana za vita. Marekani ilikataa kutia saini, ikisema kuwa nchi isiyo na manowari nyingi haiwezi kuacha silaha ya maskini. Miaka mitano baadaye silaha hiyo iligeuziwa yenyewe. Majimbo ya Kusini yaliyojitenga yalitoa hati za kuteka merikebu za Kaskazini. Mabaharia wa chombo kimoja cha Kusini, Savannah, walikamatwa wakashtakiwa New York kwa uharamia mwaka 1861. Serikali ya Kaskazini ilidai kuwa hati iliyotolewa na serikali isiyotambuliwa si hati, kwa hiyo hao ni maharamia. Baraza la wazee wa mahakama halikuafikiana, na baada ya Kusini kutishia kuwanyonga mateka wake wa kivita kwa idadi ile ile, watu hao wakahesabiwa kuwa mateka wa vita.

Kusini ikategemea zaidi manowari zake yenyewe, maarufu kuliko zote ikiwa Alabama ya Kapteni Raphael Semmes. Uingereza ilikuwa imefunga bandari zake kwa ngawira za pande zote mbili, na bandari za Kusini zilikuwa zimezingirwa. Semmes alisoma karatasi za kila merikebu akiwa chumbani mwake, akapima madai kuwa shehena ni ya watu wasio na upande, akatoa hukumu mwenyewe, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuiuza, mara nyingi aliichoma moto na vyote vilivyomo. Baada ya kuchoma merikebu katika mlango wa bahari wa Malaka na pwani ya Malabari, mwezi Februari 1864 alitia nanga Nzwani, katika visiwa vya Komoro, kupumzisha watu wake na kuchukua vyakula.

Matajiri wa Kaskazini, kwa kuogopa moto huo na ada ya bima, waliuza merikebu zao kwa Waingereza au wakabadili bendera. Viwanda vyao vya nguo vilikuwa vimekwisha kukosa pamba ya Kusini. Zanzibar, ambako tangu mkataba wa mwaka 1833 wafanyabiashara wa Salem walikuwa wakileta ile nguo nyeupe nzito iliyopewa jina la nchi yao, marekani ikaadimika na bei yake ikapanda. Pengo lake lilijazwa na nguo za Uingereza, ambazo watu wa pwani waliziita ulaiti na kuziona duni, na baadaye na nguo zilizofumwa Bombay, ambazo wenye maduka waliendelea kuziuza kwa jina la marekani.